Mahali Walipoanzia Kusoma

Auleria wa Kihanga hajui kusoma, na ametukanwa kwa hilo mara nyingi mpaka halimuumi tena. Kinachomuuma ni kwamba aliwahi kuandikwa, tena vizuri, kwa jina lake na sura yake, na waliokwenda shule ndio waliokataa kumsoma.

Aliolewa na Elipidius akiwa binti mbichi, akaletwa kwenye kibanja chenye migomba iliyochoka na mibuni mizee iliyoota ukoga. Elipidius alikuwa mtu wa maneno matamu na mikono laini. Kazi ya kahawa ilikuwa na mgawanyo wake, na hakuna aliyeuhoji. Mwanamke alipalilia. Alikwenda rweya, kule uwandani kusiko na migomba, akakata nyasi, akazibeba kichwani na kuzitandaza kwenye mashina. Alichuma, akaanika, akakimbia kuanua mvua ilipotishia, akachambua punje mbovu. Kahawa ikishakauka na kutiwa guniani iligeuka kuwa ya mwanamume. Gunia lilipandishwa baiskeli, siku hizi bodaboda, na mwanamume akalisindikiza mzanini kama bwana harusi. Mwanamke alipata habari za mzani kwa kunusa tu. Mume akirudi na nyama, mzani ulikuwa mzuri. Akirudi na harufu ya rubisi, pombe ya ndizi, peke yake, basi mzani ulikuwa mbaya, au ulikuwa mzuri mno.

Watoto wakakua, wakatawanyika. Elipidius naye akatawanyika. Alifungua duka dogo Rubwera, karibu na ofisi za wilaya ya Kyerwa, akapata mwanamke wa kukaa dukani, kisha wa kukaa naye. Hakuaga. Alipunguza tu kuja, kama mvua zinavyopungua, mpaka siku moja Auleria akatambua kuwa kiangazi kilikwisha kuingia zamani.

Akabaki na kibanja. Mibuni mizee akaikata visiki kwa msumeno wa kuazima, na watu wakasema mwanamke huyu anaua kahawa ya ukoo kwa hasira za kuachwa. Visiki vikachipua. Akapunguza machipukizi, akaacha yenye nguvu, akatandaza nyasi mpaka udongo ukawa mweusi na laini kama unga wa ulezi. Mibuni ilipozaa, waliomcheka wakaja kuomba mbegu.

Ndipo chama cha ushirika kilipowaleta watu wa simu. Wanunuzi wa Ulaya, ilisemekana, wanataka kujua kila gunia limetoka shamba gani na kama hapakukatwa msitu. Watu hao walipita kibanja kwa kibanja, wakazunguka mipaka huku wameshika simu zao, wakampiga picha mwenye shamba na kuandika jina lake. Walisema maandishi hayo yanakwenda kwenye kitu kinachoitwa blokcheni. Ni mnyororo, walieleza, kila pingu inashikana na iliyotangulia, na nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi duniani. Kilichoandikwa humo hakuna anayeweza kukifuta, awe mwenyekiti au waziri.

Walidhani wanatoa habari njema. Kumbe kumwambia mtu wa huku kwamba jina lake litaandikwa mahali lisipofutika ni kumtia homa. Wapo waliowahi kuorodheshwa na kuambiwa warudi ng'ambo ya mpaka walikotoka, ilhali hawajui kwingine. Wapo waliosema kodi ya mibuni inakuja. Basi wanaume wakafanya walichozoea kufanya jambo likiwa na shaka: wakawasukuma wake zao mbele. Theoneste, jirani wa Auleria, alijitosa katikati ya migomba huku mkewe Anonciata akipigwa picha amevaa kitenge cha kanisani. Elipidius alikuja mbio na pikipiki kutoka Rubwera, hata kofia ngumu hakuivua.

"Mama Egbert, simama wewe."

"Mimi? Kahawa imekuwa yangu lini?"

"Leo. Wakija kukamata, mwanamke hawamfungi. Na wewe hujui kusoma, utasema hukuelewa."

"Na wasipokuja kukamata?"

"Simama, mwanamke! Unaniuliza kama hakimu."

Akasimama. Mtu wa simu alimwomba atabasamu, akakataa.

Tangu hapo gunia likawa la kwake mpaka mzanini. Karani aligusa simu, sura ya Auleria ikatokea, jina likaitwa kwa sauti mbele ya wanaume waliopanga foleni. Mara ya kwanza hakuitika. Alizoea kuitwa mke wa Elipidius au mama wa Egbert, na jina hilo la ubatizo lilimpita kama la mtu mwingine, mpaka Anonciata alipomfinya kiunoni.

"Wewe! Unaitwa. Au unamsubiri malaika?"

Msimu ukapita, na mwingine, bila mtu kukamatwa. Badala yake walioandikwa walianza kuitwa kwenye semina, kupewa miche mipya, kupiga kura ya kuchagua viongozi wa chama. Wanaume wakatoka migombani. Mmoja mmoja walikwenda ofisini kuomba shamba lihamishiwe jina la mkuu wa kaya, na mwenyekiti, Mutalemwa, akawahamishia ndani ya wiki moja kama mtu anayegawa pipi. Auleria hakuulizwa. Alijua siku alipofika mzanini na simu ikaonyesha sura ya Elipidius, anatabasamu mpaka magego.

Wanawake wakapiga kelele. Walikwenda ofisini kwa kundi, wakakaa barazani na majembe yao, na Mutalemwa, ambaye hapendi kelele wakati wa chai, akatoka akatamka mbele ya watu wote:

"Kina mama, tulieni. Tunaleta mtaalamu wa kuusoma mnyororo wote. Kwenye mkutano mkuu tutaweka historia ya kila shamba ukutani. Atakayeonekana wa kwanza ndiye mwenye shamba machoni pa chama. Yeye ataleta kahawa, yeye atapiga kura. Wa pili hatutaki kumsikia."

Alisema hivyo kwa sababu kichwani mwake wa kwanza hakuweza kuwa mwingine ila mwanamume. Alisahau nani walisimama na nani walijificha. Wanawake hawakusahau. Waliondoka kimya, Anonciata akimziba mdomo Auleria kwa kiganja.

Mtaalamu alikuwa mwanamke, Sperancia, mzaliwa wa Muleba, mwenye miwani na maneno machache. Alipewa chumba nyumbani kwa Auleria kwa sababu kibanja kiko juu ya kilima na mtandao unashika. Asubuhi ya kwanza alitoa laptopu barazani, akapiga goti kidogo kama walivyofundishwa mabinti wa huko.

"Shikamoo, Ma Auleria. Nitakusumbua siku kadhaa."

"Marahaba, mwanangu. Sumbua tu. Ila unieleze unachofanya, nami nina shauri langu humo ndani."

Sperancia akamweleza, Auleria akichambua kahawa kwenye ungo kando yake. Mnyororo, alisema, ni mgumu kufuta lakini ni mgumu vilevile kusoma. Mambo ya Kihanga yamechanganyika na mambo ya watu wengine wa dunia nzima, kama kahawa ya tarafa nzima iliyomwagwa kwenye turubai moja. Kutafuta gunia la mtu humo, punje kwa punje, utazeeka. Kwa hiyo wapo watu wametengeneza kiunzi cha programu, wakakiweka mtandaoni bure, kila mtu achukue. Kinaitwa huria kwa sababu hiyo. Nguzo na mapaa vimo tayari. Wewe unakandika udongo.

"Na udongo ndio nini?"

"Ndiyo maagizo. Nakiambia kwanza kiende kwenye mnyororo upi. Kisha kisikilize mkataba wa chama chetu, yaani daftari letu humo mnyororoni, peke yake, mengine kiyapite. Kisha mambo gani yakitokea kiyashike: mkulima ameandikwa, kahawa imepokelewa, shamba limehamishwa. Na kwa kila jambo, kifanye nini. Kikimaliza kinapanga vyote ghalani kwake, ukiuliza kinajibu papo hapo."

"Basi?"

"Na kianzie wapi kusoma. Hilo nalo lazima nikiambie."

Auleria alipuliza maganda. "Si kianzie mwanzo."

Sperancia alijaribu mwanzo kabisa, pingu ya kwanza ya mnyororo, na kazi ikawa ya kukatisha tamaa. Programu ilisoma mambo ya miaka ambayo chama hakijafikiria hata kununua simu. Bando likaisha, chaji ikaisha, na ghala likabaki tupu. Akacheka mwenyewe, akasema kosa hilo hulifanya kila anayeanza. Akatafuta pingu ambamo mkataba wa chama uliwekwa, akaandika namba yake, akawasha tena. Mistari ikateremka kwenye kioo kama siafu.

"Ma Auleria, njoo uone."

Aliona sura yake. Ile ile iliyokataa kutabasamu, nyuma yake mgomba. Sperancia akamsomea: shamba limeandikwa kwa Auleria. Kahawa imepokelewa kutoka kwa Auleria. Imepokelewa. Imepokelewa. Mpaka chini kabisa: shamba limehamishiwa Elipidius.

"Soma tena," Auleria akasema.

Akasoma tena. Auleria akaweka ungo chini, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kidogo. Aliporudi alikuwa na Anonciata, na Anonciata naye akataka asomewe, na alipoona kitenge chake cha kanisani akapiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika.

"Theoneste wangu yuko wapi humo?"

"Mwishoni."

"Mwishoni! Migombani alikuwa wa kwanza!"

Mashamba yote yalikuwa hivyo. Mwanamke kwanza, mwanamume mwisho. Sperancia, kwa uaminifu wake, akaenda ofisini kumwonyesha mwenyekiti.

Kesho yake Mutalemwa mwenyewe akapanda kilima, na nyuma yake, kwenye pikipiki, Elipidius. Hawakuketi. Auleria alikuwa jikoni anamenya ndizi, na jiko lile halina mlango.

"Binti," Mutalemwa akasema, "hii kitu yako inasoma kuanzia wapi?"

"Mkataba ulipowekwa, mwenyekiti. Ndio mwanzo wa kumbukumbu."

"Yale yalikuwa majaribio. Msimu rasmi ulianza kamati ilipoidhinisha wakuu wa kaya. Anzia hapo."

"Lakini nikianzia hapo, mwenyekiti, yaliyotangulia hayataonekana."

"Yatafutika?"

"Hapana. Mnyororoni yapo. Ila programu haitayaona."

"Basi tatizo liko wapi? Hatufuti cha mtu. Wewe badilisha namba."

Elipidius akachungulia jikoni. "Mama Egbert, habari za huku?"

"Za huku unazihamisha wewe," Auleria akajibu, kisu hakijasimama.

Walipoondoka, Sperancia akabadilisha namba. Ilikuwa mstari mmoja. Auleria aliyaona mabega yake yakiinama, na akaona pia kwamba programu yenyewe iligoma. Ilisoma kidogo, ikasimama, ikatoa maandishi mekundu. Sperancia akawasha tena, ikasimama palepale.

"Inasemaje?" Auleria akauliza kutoka jikoni.

Sperancia akajibu bila kugeuka. "Inasema haiwezi kuhamisha shamba. Imeambiwa shamba linahamishwa, ikatafuta ghalani, haikulikuta. Halijaandikwa na mtu."

"Mashine ina akili kuliko mwenyekiti."

"Haina akili, mama. Inanisubiri mimi."

Na kweli ilimsubiri. Akaongeza agizo: ukikuta shamba linahamishwa nawe hulijui, lichukulie limezaliwa siku hiyo. Maandishi mekundu yakaondoka. Kibanja cha Auleria, chenye visiki alivyovikata kwa mikono yake, kikazaliwa siku Elipidius alipokichukua.

"Rudisha namba ile," Auleria akasema. Alisimama ukingoni mwa jiko, maji ya ndizi yakimtiririka viganjani. "Mwanangu, rudisha."

"Wataniondoa, mama. Watamleta mwingine aandike hivi hivi."

"Aandike mwingine basi. Kwa nini uwe wewe?"

Sperancia akafunga laptopu. Alisema mama yake ni mgonjwa Muleba. Huenda ilikuwa kweli. Auleria hajawahi kukutana na mtu aliyemdhulumu asiyekuwa na mgonjwa mahali fulani.

Mkutano mkuu ulifanyika ndani ya ghala la chama. Shuka jeupe likatundikwa ukutani, mashamba yakapita moja moja, na kila shamba lilikuwa na mwanamume anayetabasamu. Anonciata alinyanyua mkono kabla hajaruhusiwa.

"Ta Mutalemwa, mashamba yote ya Kihanga yamezaliwa wiki moja? Hata sungura hawazai hivyo."

Watu wakacheka, na Theoneste akacheka nao, kisha akakumbuka ni upande upi anaotakiwa kuwa. Mutalemwa akagonga meza. Ya nyuma yalikuwa majaribio, akasema.

Auleria akasimama.

"Kahawa niliyoleta wakati wa majaribio, mliiuza kwa majaribio?"

Mutalemwa akajifanya anasoma karatasi zake.

"Ulisema wa kwanza kwenye mnyororo. Ulisema barazani, tukiwa tumekaa na majembe."

"Na wa kwanza ndiye huyo hapo ukutani, mama. Yako hayajafutwa. Yapo palepale."

"Nani anayasoma?"

Mutalemwa akafungua mikono, mpole kama padre. "Programu ni huria, haiuzwi. Mwenye kutaka aanzishe ya kwake, aanzie anapopenda. Hata wewe, mama. Hakuna aliyekukataza."

Ghala zima likapasuka kwa kicheko. Hata baadhi ya wanawake walicheka, wale ambao waume zao walikuwa karibu. Sperancia aliinamia mashine yake kana kwamba anatafuta kitu kilichodondoka ndani yake. Auleria akaketi. Haikumuuma kwamba alikatazwa. Kilichomuuma ni kwamba amefunguliwa mlango ulio juu ya ukuta, mbele ya watu, na kuambiwa apite.

Jioni ile alikuta Sperancia anakunja nguo.

"Nimetii tu, Ma Auleria."

"Najua. Na mimi nilitii. Niliambiwa simama nikasimama. Tofauti ni kwamba mimi sikusimama juu ya kichwa cha mtu." Kisha akambebea begi mpaka barabarani, maana mgeni hasukumwi nje kama mbwa, na hakumuaga.

Kahawa ikaiva. Iliiva vizuri mwaka ule, matawi yameinama, mekundu mpaka karibu kabisa na shina. Auleria aliipita asubuhi akienda rweya kwenye msiri wake, kishamba cha njugu mawe, akaipita jioni akirudi. Hakuchuma hata moja. Wiki ikaisha. Elipidius akaja.

"Mama Egbert, kahawa imeiva."

"Nimeiona."

"Mbona huchumi?"

"Mwenye shamba hajaniajiri."

Alicheka kwanza, akidhani ni utani wa mke. Kisha akafoka, kisha akaita wazee wa ukoo, na wazee wakamwambia Auleria kahawa ni ya nyumba. Akawajibu kwamba nyumba iko Rubwera, wakaiulize. Mwishowe Elipidius akaleta vibarua. Walikuwa watu wa haraka. Walishika tawi shinani wakalivuta mpaka ncha, mbivu na mbichi zikaanguka pamoja, na majani, na tawi lenyewe likivunjika walilitupa. Auleria alikaa barazani akisikia matawi yakivunjika. Alilea kila moja tangu likiwa chipukizi la ukubwa wa kidole cha mtoto. Alijua akiinuka na kusema neno moja tu, vuneni hivi, basi amekuwa kibarua wao wa kwanza. Akakaa. Alikaa mpaka wakamaliza.

Waliianika ardhini, wakachelewa kuianua, mvua ikainyeshea. Mzanini karani aliitia mkono, akainusa, akaita wenzake. Kahawa ya kibanja kile, ambayo Kihanga nzima ilikuwa ikiisifu, ilikataliwa: mbichi nyingi, na kuvu. Karani akagusa simu, na kukataliwa kule nako kukaandikwa mnyororoni. Kwa kuwa programu ilikuwa inasoma tangu pale Elipidius alipoanzia, hilo likawa jambo la kwanza na la pekee linaloonekana kuhusu kahawa ya shamba lile, kwa yeyote duniani atakayeuliza.

Anonciata alikuja mbio kumletea habari, anacheka mpaka anajishika mbavu. Auleria hakucheka. Alimwomba amsaidie kufunga mzigo wa nyasi.

Mutalemwa naye alipanda kilima tena, safari hii peke yake na kwa miguu. Wanunuzi walikuwa wameuliza. Akasimama uani akitazama mibuni iliyonyofolewa, akatingisha kichwa.

"Ma Auleria, sisi tunalijua hili shamba. Si shamba la kutoa kahawa ile."

"Mnalijua tangu lini?"

Mutalemwa alisema wangeweza kuzungumza, labda msimu ujao, labda kamati ikikaa, jina lake likaongezwa chini ya lile la Elipidius, kama msimamizi. Auleria alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akampa kigoda na maji ya kunywa. Kisha akajitwika nyasi. Hazikuwa za mibuni. Alizipeleka kwa Anonciata, aliyekuwa na ng'ombe, na akapitia njia ya mbali ya chini, ili asipite katikati ya matawi yale.